Breki za Nyuma na Neno la Shangazi Yako

Merveille mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anachemsha viazi vitamu. Nimeketi kwenye kigoda changu cha kazi, karatasi nimeilaza juu ya boneti ya gari lako. Ukiona alama ya oili pembeni usinicheke, mikono ya baba yako unaijua. Kesho asubuhi unaondoka Likasi. Habari za kufunga mlango kwa komeo, kuchemsha maji ya kunywa, kutotembea na simu mkononi kule Lubumbashi, hayo mama yako ameyasema wiki nzima mpaka ukaanza kumjibu kabla hajamaliza. Mimi nayaacha. Nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda miaka kumi na miwili. Nitaiweka barua hii juu ya mto wako. Isome yote kabla hujalala, hata ikikukera.

Ni habari ya lile bomba.

Unaikumbuka ile siku, kama wiki tatu zilizopita, ulipolala chini ya gari na kurunzi. Gari lilikuwa bado juu ya matofali pale pale lilipokaa tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja, na harufu ya kuku ilikuwa haijatoka, maana kuku wa mama yako walilala humo kuliko wewe ulivyowahi kulala kitandani kwako. Ulikuwa umepata kazi ya kupeleka dawa kwenye vituo vya afya, ukataka gari, na gari tulilokuwa nalo ni hili tu, dogo, jeupe, lenye mlango mmoja mpana nyuma, zee kuliko wewe. Nikasema nitalifufua. Nilipiga bisibisi kwenye sakafu, chini ya kiti cha nyuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Kutu ilikuwa imekula chuma kikabaki unga. Nikachukua mashine ya kukatia, nikaanza kukata, nikaendelea, mpaka kwenye chuma ulichokiona kizima, ukaniuliza, "Papa, juu ya nini unakata mpaka penye kuko bien?"

Nikakujibu, "Hapako bien. Kuko rangi tu."

Ulicheka. Hukujua kwamba ile rangi ni mimi niliyeipaka. Nilipolinunua gari hili, kutu ilikuwa tayari imeanza pale. Nikasiliba mastiki, ule uji mzito tunaozibia matundu kabla ya kupiga rangi, nikalainisha kwa msasa, nikapaka nyeupe juu yake. Majirani wa mtaa wetu wa Kikula walikuja kutazama wakasema gari kama jipya. Nilivimba kichwa. Nilikuwa fundi wa karakana ya kiwanda, nimefundishwa kazi na watu wakali, nilijua vizuri kwamba chini ya mastiki kutu haisimami, inaendelea kula polepole mahali usipoona. Nilijua, nikapaka.

Basi ulipokuwa chini pale ulinyoosha mkono ukagusa kitu, ukakichomoa kwenye matope makavu, ukanionyesha. Kipande cha bomba la breki, lile jembamba linalopeleka mafuta kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Ncha yake ilikuwa imekunjwa na kupigwa nyundo mpaka ikawa bapa.

"Papa, nani alipiga tube marteau hivi?"

Nikamsingizia mtu wa kabla yangu, "Fundi mwingine. Kabla minye kununua."

Ukakitazama tena, ukatikisa kichwa, ukasema kwa mzaha, "Huyu fundi iko ndoki kupita Tantine Numbi." Mchawi kumpita dada yangu, ndivyo ulivyosema, ukakitupa kwenye ndoo ya vyuma vibovu, ukarudi kazini huku unaimba. Mimi nilikaa pale na mashine mkononi imezimwa. Kama ungeinua kichwa ungeona nimetoka jasho, na msimu huu wa baridi.

Fundi mwingine hakuwepo, Merveille. Ni mimi.

Nakuandikia mambo yalivyokuwa, nawe uyapime mwenyewe. Wiki mbili kabla ya ile safari ya harusi ya Lubumbashi, gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuvuja mafuta ya breki. Kipuri hakikupatikana Likasi nzima. Mafundi wa huku tuna dawa yetu ya haraka, na kila mmoja wetu ameifanya ingawa hakuna anayejisifu: unakata bomba la gurudumu linalovuja, unalikunja, unalipiga nyundo, mafuta hayapiti tena huko, unatembea na breki za magurudumu matatu. Nilijiambia ni siku mbili tu. Siku mbili zikawa wiki mbili. Nilizoea kupiga pedali mara mbili tatu kabla haijashika, kama mtu anayebisha mlango wa jirani mzito wa usingizi. Nilimwambia mama yako gari liko sawa.

Asubuhi ya safari dada yangu mkubwa, Numbi, alikuja kulinda nyumba. Wakati ule alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ndiye aliyekubeba mgongoni mama yako akiwa sokoni. Unajua alivyokuwa anaongea, kwa sauti kubwa hata akikusalimu. Alikuja na viazi vitamu vya moto amevifunga kwenye kitambaa, akaviweka mapajani mwako kwenye kiti cha nyuma, akapiga paa la gari kwa kiganja, akasema, "Muende! Mutanikumbuka mu njia!"

Maana yake ilikuwa viazi. Njaa itawauma, mtafungua kitambaa, mtanikumbuka. Watu wote wa nyumba yetu walijua Numbi anasema hivyo kila anapompa mtu chakula cha safari. Nilijua mimi kuliko wote, maana nimekula viazi vyake tangu sijaota meno ya ukubwani.

Kwenye mteremko wa upande wa Buluo lori la madini lilikuwa limesimama katikati ya barabara, limekatika ekseli. Nilikanyaga. Pedali ikaenda mpaka chini na isirudi. Lile kunjo langu lilikuwa limefunguka, mafuta yote yamemwagika. Nikavuta breki ya mkono, nikakata kushoto, tukaingia porini tukagonga kichuguu. Wewe ulitoka na mchubuko kwenye kidevu. Mama yako mguu wake ulivunjika mahali pawili, na jinsi anavyotembea leo unamwona kila siku. Ninapomwona anapanda ngazi ya kanisa kwa upande, mguu mmoja ukisubiri mwingine, moyo unaniuma, na sijawahi kumwambia mtu kwa nini unaniuma vile.

Siku ya nne wajomba zako walikuja na mtumishi wa chumba chao cha maombi. Walikaa uani kwenye viti vya plastiki. Sisi ni Wakatoliki, lakini mke wangu alikuwa hospitalini na kaka zake walikuwa wamekasirika, sikuwa na uso wa kuwafukuza. Mtumishi akauliza habari za asubuhi ya safari, "Mbele ya kutoka, kuko muntu alisema neno?" Nawe, mtoto, ulikuwa umeegemea goti langu na plasta kwenye kidevu, ukajibu kwa sauti ndogo ya mtoto anayejua jibu darasani, "Tantine alisema tutamukumbuka mu njia."

Mtumishi akaitikia kwa kichwa, na wajomba zako wakageuka kuitazama nyumba ya dada yangu: laana ilikuwa imepata mwenyewe.

Nataka uelewe vizuri hapa, kwa sababu nadhani umelibeba jambo hili na hujaniambia. Ulisema kweli. Uliulizwa swali ukalijibu. Hukukosa kitu. Aliyekosa ni mtu mzima aliyekuwa na goti chini ya kichwa chako. Ilikuwa zamu yangu kusema, "Ni viazi, jamani. Na bomba nililipiga nyundo mimi." Maneno mafupi hivyo. Nilifungua mdomo, nikaona macho ya wajomba zako, nikamfikiria mkuu wangu wa karakana akisikia fundi wake ametembeza familia kwenye breki tatu. Nikafunga mdomo. Nilijiambia nitasema wakiondoka. Walipoondoka nikajiambia nitasema mama yako akitoka hospitalini. Naona haya kuandika haya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Watoto wa mtaa walianza kumkimbia dada yangu. Wanawake walihamisha meza zao sokoni wasikae karibu naye. Mtu fulani aliandika "ndoki" kwa mkaa kwenye mlango wake. Hakuna aliyempiga, nashukuru, lakini hakuna pia aliyemsalimu. Mwezi wa pili alipakia godoro na masufuria yake kwenye lori la wauza samaki, akahamia Tshangalele, kule ziwani, kwa upande wa marehemu mume wake. Nilikwenda kumsaidia kupakia, kwa sababu hata mwoga ana adabu zake. Alikuwa halii. Alipopanda alinitazama kutoka juu, akasema, "Ndugu yangu, weye unajua magari."

Alikuwa amekwisha kujua. Alinipa nafasi ya mwisho pale, mbele ya dereva na wapagazi, na mimi nikainama nikajifanya nakaza kamba.

Miaka mitatu ya kwanza alituma kapu la samaki wakavu kila mwisho wa mvua. Unayakumbuka yale makapu? Ulikuwa unakimbilia chumbani. Mama yako alikuwa anawagawia wapita njia, kwa woga wa kweli. Mimi sikuwa na woga wowote, nilijua ni samaki tu na kwamba wametiwa chumvi vizuri kwa sababu ni Numbi. Lakini nilikunja uso nikasema wapelekeni mbali. Nilicheza woga mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Mwaka wa nne kapu halikuja.

Na gari nikaliacha juu ya matofali. Watu walisema limelaaniwa, nami nikaitikia. Ukweli ni kwamba sikutaka fundi yeyote aingie chini yake.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa kama kichaa wiki hizi tatu. Wenzangu walikuja kunicheka, uliwasikia. "Mukubwa, kagari kadogo hivi, mafreins ya disque nyuma ya kufanya nini?" Walikuwa na haki. Breki za ngoma zilizokuwa nyuma, zile zilizofunikwa kama sufuria, zingetosha kama ningezifunga mpya. Lakini nilitafuta kwenye magari mabovu mpaka nikapata ekseli nzima ya nyuma ya gari la ukoo huu huu, kubwa zaidi, yenye breki za diski, nikaisafisha, nikabadilisha kila mpira. Nilichomelea sakafu mpya kwa bati nene. Mastiki sikutia hata kijiko. Ndiyo maana mishono inaonekana ukifungua nyuma, na nilikukataza usiifunike kwa zulia. Iache ionekane. Ikianza kutu, utaiona siku hiyo hiyo.

Na mabomba yote ni mapya, kutoka mbele mpaka nyuma. Ile Jumamosi tulipotoa hewa kwenye mafuta, wewe ukiwa kwenye usukani na mimi chini, nikikuambia, "Kanyaga! Shika! Achia!" ulikasirika nilipokurudisha mara ya saba. "Papa, inatosha, inashika!" Nikakufokea. Samahani kwa ule ukali. Nilikuwa nimelala chali natazama mafuta masafi yakitoka bila povu, na nilikuwa nalia, ndiyo sababu sikutoka haraka.

Nilidhani nikimaliza breki nitakuwa nimemaliza. Juzi nilizungusha ufunguo kwenye nati ya mwisho, nikasimama, nikaona sijamaliza chochote. Gari lilikuwa zima na mimi nilikuwa vile vile. Kwa hiyo nikaingia jikoni nikamwambia mama yako. Yote, pale pale, anasonga bukari. Hakuacha kusonga. Alipomaliza akaweka mwiko chini, akasema, "Nilikuona ulikuwa unapiga pédale mara tatu. Niliona. Nikanyamaza, juu weye njo fundi." Fundi ni mimi, ndiyo sababu hakuuliza. Akaweka mkono kwenye mguu wake. Nilingoja anitukane. Ningefurahi.

Nikamwambia nimepanga kukuandikia barua, na kukuomba upitie Tshangalele, umwambie shangazi yako, umwombe radhi kwa niaba yangu. Kwamba wewe ni kijana, atakupokea vizuri zaidi. Hapo ndipo alipopandisha sauti.

"Mutoto tena? Siku ile ulimuacha mutoto aseme. Sasa unamutuma tena? Umeambia minye, utaambia mutoto mu barua. Na dada yako Numbi, nani atamuambia?"

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye gari. Nilikaa humo mpaka bukari ikapoa.

Mwanangu, utafanya kazi na dawa. Kuna siku utapeleka katoni siyo, au utaandika namba siyo, kila mtu anakosea. Sikuombi usikosee. Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, nyundo moja kwenye bomba, na lingekwisha kwa kusema sentensi moja uani. Kukaa kimya ndiko kulikokula mguu wa mama yako, kisha nyumba ya dada yangu, na utoto wako uliojifunza kumwogopa mtu aliyekubeba. Ukikosea, sema siku ile ile, hata sauti ikikutetemeka. Mimi nimengoja, na unaona nilikofika, mzee mzima anaandika kwenye boneti kwa sababu anamwogopa binti yake.

Maana nakuogopa, usifikiri sikuogopi. Utaondoka kesho na hasira au bila hasira, sijui. Una haki ya hasira. Usiifiche kwa ajili ya umri wangu.

Lakini nina ombi la abiria. Kesho asubuhi utanikuta nimeketi kiti cha mbele na begi langu dogo la kazi. Ndani kuna shati moja, na kile kipande cha bomba, nimekitoa kwenye ndoo. Kama huna la kusema, usiseme, endesha tu. Tutapita Buluo, tutashuka ule mteremko, nami nitafumba macho au sitafumba, tutaona. Mbele yake, pale inapochepuka njia ya Kapolowe, nitakuambia simama. Kanyaga bila wasiwasi, zitashika zote nne. Nishushe hapo, uendelee na safari yako, kazi haikungoji. Nitapata pikipiki ya kunifikisha ziwani. Usinifuate, na usinisubiri. Labda dada yangu atanifungulia mlango, labda atanimwagia maji ya samaki. Nikikaa kwake siku moja au mwezi, mama yako anajua niliko.

Siku utakayotaka kumsalimu mwenyewe, njia utakuwa umeiona.

Viazi vya mama yako viko tayari, nasikia anaviepua. Nusu nitampelekea Numbi. Nusu yako nitaifunga kwenye kitambaa, niiweke kiti cha nyuma, juu ya ile mishono. Njaa ikikuuma huko mbele ya Lwisha, fungua, ule.

Utanikumbuka njiani.

Baba yako